Barua Niliyomwandikia Mjomba

Nilimwandikia mjomba wangu barua ya kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda, kisha nikamshika dole gumba nikalikandamiza kwenye wino. Hakuna aliyenishurutisha. Ilikuwa mchana kweupe, mbele ya watu wa mji, na niliamini kwa dhati kwamba nafanya la busara. Hadi leo wapo wanaonisifu kwa siku ile, wakisema mwalimu alileta amani. Sifa hiyo siistahili. Nilichokifanya kilikuwa dhuluma, na kwa kuwa nilikifanya hadharani, nakiungama hadharani.

Mji wa mjomba uko nyika ya Ganze, ukishapita Vitengeni, ambako mvua ikikosa misimu miwili watu hugeukia kuchoma makaa na kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa. Yeye na mama yangu ni tumbo moja. Shamba alilirithi kwa babu, likiwa na miembe ya zamani upande wa juu na ardhi nyeusi ya mahindi upande wa bondeni. Kichwa chake kilianza kujaa mvi nikiwa bado shule ya msingi, na siku zile mvi zilimpa mtu kiti cha mbele kwenye mazungumzo ya mahari na kwenye kugawa mirathi.

Siku hizi mvi hizo hizo zinaua. Kwa miaka mingi sasa wazee wa Kilifi wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, kuanzia Ganze na Kaloleni mpaka Malindi na Magarini. Huvamiwa usiku kwa mapanga, na wengine huchomewa nyumba wakiwa ndani. Mara nyingi jambo huanzia kwenye hanga, yaani matanga, la mtoto au la kijana, pale mtu anapouliza kwa nini huyu afe na yule mkongwe abaki. Mganga huulizwa, jina hutajwa, na jina likishatajwa halirudi. Ukichunguza zaidi, mara nyingi utakuta ardhi chini ya maneno hayo, kwa kuwa mzee anayeitwa mtsai, yaani mchawi, ndiye mwenye shamba, na wanaomwita hivyo ndio wanaolisubiri. Wapo wazee wanaopaka nywele zao rangi nyeusi ili wasijulikane kwa mbali. Wapo waliokimbilia Kaya Godoma, huko huko Ganze, kwenye kituo cha kuwaokoa wazee, wakaishi humo kama wakimbizi ilhali mashamba yao yako mwendo wa saa chache kwa mguu.

Kwa mjomba jambo lilianza na mtoto aliyekufa kwa homa. Kabla machozi hayajakauka, kijana mmoja wa ukoo aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni akafa kwa ajali ya barabarani. Baada ya hanga lake binamu zangu, wana wa marehemu ndugu yake mjomba, wakaacha kumwamkia. Mkaza mjomba akienda kuteka maji, wanawake waliomtangulia walijaza madumu yao wakaondoka bila salamu. Kisha ujumbe ukaingia kwenye simu ya mjomba kutoka nambari isiyojulikana: mzee jichunge, mvua hii hutaiona. Hajui kusoma vizuri. Alimpa mjukuu wake amsomee, na mtoto akausoma kwa sauti mbele ya watu wote.

Nikaitwa mimi, kwa kuwa ndiye mwalimu wa ukoo. Nimefundisha historia na serikali katika shule ya sekondari Malindi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Chuo kikuu nilisoma falsafa ya siasa, na baada ya Katiba mpya ya 2010 nilizunguka vijijini katika elimu ya uraia nikiwaeleza watu haki zao. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la uvumilivu. Malindi humfundisha mtu somo hilo kabla hajafungua kitabu. Unaamshwa na adhana, mchana unapita mbele ya kanisa na hekalu la Wahindi, jioni unakunywa kahawa kibarazani na mzee wa Kiswahili anayekuuliza habari za mbuzi wa sadaka waliochinjwa kwenye kaya, msitu wetu wa ibada. Mtaa wa pili kuna Mwitaliano aliyekuja likizoni akahamia. Watu wanapingana juu ya mambo makubwa kabisa, Mungu na kifo na ndoa, na kesho yake wananunua samaki kwa mvuvi mmoja. Niliipenda hali hiyo, na bado naipenda. Nilipokuwa nikisoma waraka wa John Locke juu ya uvumilivu wa dini, uliochapishwa 1689, niliona kama mtu wa Uingereza ya zamani anaeleza mtaa wetu.

Basi nikalibeba somo hilo nikaenda nalo Ganze kwa matatu.

Tulikaa chini ya mwembe. Nikasema maneno mazuri. Nikasema kila mtu ana imani yake, na hakuna mwenye haki ya kumdharau mwenzake kwa anachokiamini. Wako wanaoamini kwamba kuna watu wenye uwezo wa kudhuru kwa siri, na wako wasioamini, na wote ni ndugu. Nikasema sikuja kuhukumu nani mkweli, nimekuja kutafuta njia ya kuishi pamoja. Binamu zangu walitikisa vichwa kwa kukubali. Nilifurahi, nikadhani wananielewa.

Kisha nikatoa mapendekezo. Mjomba aandike barua ya kuomba radhi. Asihudhurie mahanga kwa muda, maana kufika kwake kunaumiza waliofiwa. Aje kukaa nami Malindi mpaka mioyo itulie, na shamba litunzwe na wana wa ndugu yake. Na zile mvi, kwa usalama wake, tuzifiche.

Mjomba aliuliza swali moja tu. “Mwanangu, naomba radhi ya nini?”

Nikamjibu, “Si kwamba umekosa, mjomba. Ni kwa ajili ya amani.”

Akasema, “Haya. Wewe ndiye uliyesoma.”

Barua niliiandika kwa mkono wangu, kwenye karatasi ya mistari iliyochanwa katikati ya daftari la mjukuu. Nilichagua maneno kwa uangalifu mkubwa, na uangalifu ule ndio unaonitia uchungu zaidi sasa. Sikuandika kwamba ameroga. Niliandika kwamba anawaomba radhi watu wa mji kwa lolote alilowakosea, kwa kujua au kwa kutojua, na kwamba anaondoka kwa hiari yake kwa ajili ya utulivu wa ukoo. Nilijivunia lile neno “lolote”. Nililiona kama mlango ambao kila mmoja angeweza kupita: binamu zangu wasome wanachotaka, mjomba asiwe amekiri chochote. Wino ulikuwa wa kalamu niliyoivunja, nikaupaka kwenye dole gumba lake kwa kijiti.

Jioni ile tukampaka piko, ile wanayojichorea kina mama wakati wa harusi. Mkaza mjomba aliikoroga kwenye kisahani, akampaka mumewe mafuta ya nazi kwenye paji la uso na nyuma ya masikio ili rangi isishike ngozi, kisha akaipitisha kwenye nywele kwa mswaki mkuukuu, mstari kwa mstari. Rangi ilishika ngozi vilevile. Mjomba alikaa kwenye kigoda mgongo wima, hasemi. Alipomaliza kupakwa, mjukuu mdogo hakumtambua akalia, na watu wakacheka ili kumbembeleza mtoto. Mimi pia nilicheka.

Mjomba hakuuawa. Hilo ndilo nililojitetea nalo kwa muda mrefu, nikijiambia kwamba wangapi walitetewa kwa maneno makali wakazikwa, na huyu wangu yu hai. Lakini barua ilianza kutembea. Wapimaji na kamati ya ardhi walipofika upande ule kuandikisha wenye mashamba, binamu zangu walitoa ile karatasi: mzee mwenyewe aliomba radhi, mzee mwenyewe aliondoka kwa hiari, dole gumba hili hapa, na aliyeandika ni mwalimu. Majina yao yakaandikwa. Kisha mji wa jirani ukapata msiba, na mzee mmoja wa huko akaambiwa naye aandike barua kama ya yule wa mwembeni. Alikataa. Aliondoka usiku na mkewe, na kabla ya alfajiri nyumba yao ilikuwa imechomwa. Walionisimulia hawakunilaumu. Walisema tu kwamba mzee yule alikuwa mkaidi, angefuata mfano wa mjomba wako yasingemfika.

Hapo ndipo nilipoanza kuona nilichokijenga. Nilikuwa nimewapa watesi fomu ya kujaza. Anayeisaini anajivua heshima yake kwa mkono wake mwenyewe, na asiyeisaini anaonekana ndiye mchokozi.

Nikarudi kwenye vitabu vyangu, kwa aibu, kama mtu anayerudi dukani na sumu aliyouziwa kwa jina la dawa. Nikakuta dawa ilikuwa sahihi, ni mimi niliyeisoma vibaya. Locke, ambaye nilimtaja mara nyingi darasani, aliuliza katika waraka ule ule kama mtawala ayavumilie makanisa hata yakitaka kutoa watoto wachanga sadaka. Akajibu hapana: lile ambalo ni haramu nyumbani na sokoni haliwi halali kwa kufanywa kwa jina la ibada. Mtu akitaka kumchinja ndama wake kwa ajili ya Mungu wake, hilo ni lake, maana hamdhuru mwenzake. Uvumilivu wa Locke ulikuwa na mpaka tangu siku ya kwanza, na mpaka wenyewe ni mwili na mali ya jirani. Mimi nilifundisha ndama nikaruka watoto.

Nilikosea pia kuhusu nani anaombwa kuvumilia. Mwanafalsafa Bernard Williams alieleza kwamba uvumilivu unahitajika pale tu ambapo mtu analiona jambo kuwa baya. Na ili mtu ajizuie, ni lazima awe na nguvu za kulizima. Kwa hiyo unaombwa kwa mwenye nguvu. Chini ya mwembe ule wenye nguvu walikuwa vijana wenye mapanga, simu zisizojulikana na mganga wao. Hao ndio waliopaswa kuambiwa wajizuie. Mimi nikamgeukia mzee asiye na nguvu nikamwomba avumilie. Avumilie nini? Hakuwa na uwezo wa kumzuia mtu chochote. Nilichomwomba ni kustahimili kuonewa, na nikakipa jina lenye heshima.

Jambo lililonichelewesha zaidi kulielewa ni hili la heshima ya mtu kwa nafsi yake. John Rawls, katika kitabu chake cha nadharia ya haki cha 1971, aliorodhesha vitu ambavyo kila mtu anavihitaji vyovyote atakavyopanga maisha yake: uhuru, nafasi, kipato. Kisha akasema huenda kilicho kikubwa kuliko vyote ni misingi ya kijamii inayomwezesha mtu kujiheshimu, yaani kuona kwamba maisha yake yana thamani na kwamba anao uwezo wa kuyaendesha. Pasipo hiyo, alisema, hakuna kinachoonekana cha maana kukifanya. Nilikuwa nimelifundisha hilo kwa wanafunzi kwa haraka, kwa kuwa niliona ni jambo la moyoni, la mtu na nafsi yake, lisilohusu sana sheria na serikali. Nilisahau neno “kijamii”. Heshima ya nafsi haikai kifuani peke yake. Inakaa kwenye kiti unachopewa hangani, kwenye salamu kisimani, kwenye jina lako katika daftari la ardhi, kwenye kujua kwamba ukisema “sikufanya” yupo atakayekusikiliza. Vyote hivyo nilivivunja mchana mmoja, kimoja baada ya kingine, kisha nikashangaa kwa nini mjomba akiwa kwangu Malindi hakutaka kutoka nje hata kwenda kutengeneza redio yake.

Mke wangu aliliona kabla yangu. Aliniambia, “Mjomba anaomba ruhusa kunywa maji.” Nilidhani ni adabu ya mgeni. Mtu aliyekuwa akigawa mirathi ya ukoo mzima sasa alikuwa akiuliza kama anaweza kuchukua kikombe.

Rawls huyo huyo alisema kila mtu ana kitu ndani yake ambacho haki inakilinda, na ambacho hata manufaa ya jamii nzima hayawezi kukivunja. Nilikuwa nayajua maneno hayo kwa moyo. Nikaenda Ganze nikapima utulivu wa watu wengi upande mmoja, na mzee mmoja upande wa pili, nikaona hesabu ni rahisi.

Wala sheria haikuwa kimya, ndiyo maana siwezi kusema sikujua. Ibara ya 28 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana utu wa kuzaliwa nao na ana haki utu huo uheshimiwe na ulindwe. Ibara ya 57 inawahusu wazee hasa, kwamba waishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ya tangu 1925, nina mashaka nayo kwa mengi, maana ilitungwa na wakoloni walioogopa viapo vyetu. Lakini hata hiyo inafanya kosa kumwita au kumtishia mtu kwamba ni mchawi, isipokuwa ukipeleka tuhuma zako kwa mwenye mamlaka. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki nayo, mwaka 1951, katika kesi ya Eria Galikuwa iliyotoka Uganda, ilikataa hoja kwamba hofu ya kurogwa peke yake inampunguzia mtu kosa la kuua. Kwa hiyo aliyetuma ujumbe ule wa simu alikuwa mvunja sheria, na mjomba alikuwa mlalamikaji. Nilikwenda pale nikiwa nimeyafundisha hayo kwenye semina, tena kwa chati za ukutani, na sikutamka ibara hata moja. Niliona kuitaja sheria kungeonekana kama kuchukua upande.

Ilipasa kuchukua upande.

Najua hoja ya kunipinga, nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wanauliza, ulitaka afe akiwa na heshima yake? Sitaki wazee wafe. Mzee anayejipaka piko ili apite salama sokoni Bamba hajajidharau hata kidogo. Anajilinda dhidi ya wauaji, kama anayejificha jambazi akipita. Waliokimbilia Kaya Godoma hawajakiri kitu. Kimbilio ni kimbilio: mtu anakwenda pale akiwa bado anasema shamba ni langu, mimi si mchawi, na aliyenitisha ana hatia. Kumtoa mjomba usiku ule nikampeleka Malindi kungekuwa sawa. Ningekwenda polisi na simu yake mkononi, ningemwandikia chifu, ningewaambia binamu zangu kwamba anaondoka kwa sababu yao na kwamba shamba linabaki kwa mkewe. Angepakwa rangi ile ile, angelala kitanda kile kile kwangu, na dai lake lingebaki limesimama. Mimi nilimpa kimbilio kwa masharti kwamba dai life. Niliwaridhisha waliomtisha, kisha nikauita mwisho huo suluhu.

Tulikosea hivyo kwa mapana zaidi ya familia yangu. Watu wa Malindi tulisikia kwa miaka juu ya kanisa ambalo watoto wa waumini wake wanaachishwa shule na wagonjwa wanakatazwa hospitali. Mhubiri wake, Paul Mackenzie, alikamatwa 2017, akaachiliwa, na sisi mitaani tukasema kila mtu na dini yake. Aprili 2023 makaburi ya wafuasi wake huko Shakahola yakaanza kufukuliwa, na miili iliyotolewa ilipita 400, ikiwemo ya watoto wengi. Mackenzie na wenzake walishtakiwa wakakana mashtaka, na ya mahakamani nayaachia mahakama. Nazungumzia sisi majirani. Niliwahi kumtetea mbele ya walimu wenzangu mzazi mmoja aliyemtoa binti yake darasani kwa sababu ya mahubiri hayo. Nilisema tusiingilie dhamiri ya mtu. Dhamiri ya mzazi niliiona. Ya mtoto, na tumbo lake, na daftari lake, sikuviona. Sijui binti yule yuko wapi.

Kila mwaka mwezi wa Agosti Malindi humkumbuka Mekatilili wa Menza, na sanamu yake imesimama katika bustani ya Uhuru. Nimewapeleka wanafunzi pale mara nyingi. Nimewaeleza jinsi 1913 alivyowakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu, wakala kiapo kwamba hawatatoa vijana wao kwa kazi ya serikali ya Mwingereza. Jinsi alivyopelekwa uhamishoni Kisii akatoroka akarudi kwa miguu. Jinsi 1914 Waingereza walivyoilipua Kaya Fungo kwa baruti. Maofisa wa kikoloni waliandika kwamba ni mchawi. Niliwaeleza wanafunzi kuwa jina hilo lilikuwa silaha ya kumwondolea mtu haki ya kusikilizwa: ukishaitwa mchawi, hoja yako juu ya kodi na ardhi haijibiwi tena. Nilikifundisha hicho kwa hasira ya kweli. Kisha mjomba akaitwa jina hilo hilo, na wengi wa waliomwita ni wajukuu wa wale waliokula kiapo kile, na hoja yake juu ya shamba haikujibiwa, na mimi ndiye niliyehakikisha haijibiwi.

Sitaki kuwaandika binamu zangu kana kwamba walizaliwa wabaya. Pwani hii tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908 maelfu wameishi kama maskwota kwenye ardhi ya babu zao, na wasio maskwota wana vipande vinavyogawanyika kila kizazi. Kijana wa Ganze anaona bei za viwanja zinavyopanda ukanda wa Kilifi hadi Watamu, na yeye hana cheti, hana kazi, ana baba au ami mwenye ekari asizozilima zote. Dhuluma ile ya zamani haikutatuliwa, ikashuka ngazi mpaka ikamfikia mtu dhaifu kuliko wote, mzee mwenye mvi. Hilo linaeleza hasira yao. Haliwapi haki ya kuchukua shamba lake, na halinifutii barua yangu.

Mwaka jana niliandika barua ya pili. Kabla ya kuipeleka popote nilikwenda Mtwapa, ambako mjomba anaishi sasa kwa binti yake, nikamsomea. Nywele zake ni nyeupe tena. Binti alikataa kabisa habari ya piko. Alinisikiliza mpaka nilipofika mahali nilipoandika kwamba siku ile chini ya mwembe yeye alikubali mapendekezo yangu. Akaninyanyulia mkono.

“Sikukubali,” alisema. “Nilinyamaza. Futa hapo.”

Nikafuta. Nikaendelea mpaka kwenye mstari wa mwisho nilipomwomba anisamehe. Akasema na huo niufute, si mahali pake. “Kwanza shamba. Hayo mengine tutaongea mimi na wewe.”

Nikaisoma barua ile kwa sauti mahali pale pale nilipoandikia ya kwanza, chifu akiwepo. Nikasema maneno ya karatasi ya kwanza yalikuwa yangu, hayakuwa ya mjomba; kwamba hakuwa na kosa lolote la kuombea radhi; kwamba hakuondoka kwa hiari; na kwamba mtu yeyote anayeitumia karatasi ile kama ushahidi anatumia uongo nilioutunga mimi. Binamu yangu mkubwa alisimama.

“Mwalimu, wewe mwenyewe ulituambia imani ya mtu iheshimiwe. Leo unatuita wauaji?”

Nikamwambia, “Imani yako siigusi, ndugu yangu. Amini unachoamini. Ninachosema ni kwamba mjomba hana deni kwenu, na shamba ni lake.”

Wengine waliondoka kabla sijamaliza. Wawili walibaki wakaniomba nakala. Mzee mmoja ambaye hakusema neno siku ya kwanza alisema sasa kwamba naye alijua mjomba hana kosa, na kwamba alinyamaza kwa kuwa ana mvi.

Nakala moja iko ofisi ya chifu, nyingine kwa kamati ya ardhi pamoja na pingamizi la jina lililoandikwa, na nyingine polisi pamoja na ule ujumbe wa simu, ambao mjukuu aliuhifadhi miaka yote hii bila kuambiwa na mtu. Pingamizi halijasikilizwa. Mkaza mjomba amerudi mjini kwake na wanawe wawili, analima upande wa bondeni, na kisimani wapo sasa wanaomwitikia salamu na wapo wasiomwitikia. Mjomba bado yuko Mtwapa, maana aliyeutuma ujumbe ule hajakamatwa. Msamaha sijauomba tena. Alisema kwanza shamba.